Supu ya Watu Sita

Shoga, nimejifungia chooni. Wakwe bado wapo hapa kwangu.

Ile supu ya pakiti uliyonisifia imeandikwa "inatosha watu sita." Sisi tuko wanne, mimi na mume wangu na wazazi wake. Nikajiona nimepika na kusaza!

Nikagawa. Supu ikalowesha bakuli tu. Hao sita wa kiwandani ni watu au sisimizi?

Baba mkwe akachota mara mbili, kijiko kikagonga bakuli tupu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Ahsante kwa kutuonjesha, mwanangu. Sasa tuletee chakula."

KUTUONJESHA! Chakula chenyewe si ndicho hicho?

Nikampelekea pakiti ajisomee. Akavaa miwani, akasoma, akaigeuza nyuma. Mama mkwe akaichukua. "Ni kweli, inatosha sita," akasema, "ila wawe wameshakula kwao."

Yaani nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa hivi mama mkwe yuko jikoni kwangu, anapika. KWANGU! Nimemsikia akimwuliza mwanawe, "Hivi huyu huwa anakulisha kweli?"

Unajua mume wangu kajibu nini?

"Ananilisha sana, mama. Kila siku nakula chakula cha watu sita."