Kiti cha Nasambu

Malakisi, Bungoma
Tarehe 20 Agosti, 2006

Kwako dada yangu Nasambu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi sijambo, ila nimeshiba kuku wa sherehe kupita kiasi. Je, wewe na watoto mu wazima? Na mahindi ya huko Kitale yamebeba vizuri mwaka huu?

Dada, nimekuwa profesa! Profesa kamili wa falsafa. Barua ya uteuzi naiweka mfukoni, maana majirani wangeichakaza kwa kupokezana. Jana kanisa zima lilikuja kula, na Mzee Wabwile wa hapo ng'ambo ya mto akaniuliza falsafa inatibu ugonjwa gani. Nikamjibu kwamba bado tunatafuta.

Wiki jana nilitoa mhadhara wangu wa uprofesa, ukumbi ukajaa hadi mlangoni. Nilieleza utafiti wangu wa miaka kumi na minane, kuhusu vitu tunavyovitenga kwa majina ingawa mpaka wake hauonekani. Nilianza na tumbaku. Unakumbuka tukichambua majani hapa uani? Uliniambia, "Wekoye, hili na hili yanafanana. Hili na lile pia. Sasa gredi ya kwanza inaishia wapi?" Swali hilo limenipeleka Ulaya na kunipa vitabu viwili. Vyote viwili vinasema liliulizwa na mkulima mmoja. Safari hii nililitaja jina lako, na wasomi wakakupigia makofi wakiwa wamesimama. Nililia, sikuficha.

Lakini kuna jambo jingine. Mnunuzi aliporudisha robota letu la tumbaku akisema gredi zimechanganywa, Baba alikuita mharibifu mbele ya watu, akakutoa shuleni. Tangu uolewe hujakanyaga hapa. Dada, niliyechanganya ni mimi. Nilitaka kuona kama mnunuzi anaujua huo mpaka. Nikaogopa kiboko, nikanyamaza, nikaendelea na shule. Nisamehe.

Jana nilisimama mbele ya wageni wote nikayasema hayo. Baba aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akaniondoa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, akaniagiza nikuandikie maneno yake haya: "Hii kiti ni ya Nasambu. Mwambie nilikosea. Akuje akae."

Jumamosi nitakuja Kitale kukuchukua, ukikubali. Nisalimie shemeji na watoto wote. Kiti hakijakaliwa na mtu tangu jana, na barua hii naiandika nikiwa nimekalia gunia.

Ni mimi mdogo wako,
Wekoye