Ubao Katikati ya Mzinga

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nikitumai wewe, Wifi na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila mimi roho inanichemka, na afadhali niseme kuliko nipasuke.

Mzinga uliomletea Baba ulifika, mkubwa, umepakwa rangi, hadi majirani wakaja kuushangaa. Lakini nyuki waliokubali kuingia walikuwa kundi dogo, hata fremu tatu za masega hawakujaza. Baba na useremala wake akachonga ubao, akaukita katikati, ili wabaki na chumba kidogo cha kupashana joto. Wewe ukapiga simu ukifoka kwamba hukununua mzinga mzima utumike nusu, ubao utolewe, nyuki watazaana waujaze. Baba hapendi kubishana nawe. Akautoa.

Baridi ikaingia. Nyuki wakajikunyata pembeni, nondo walao nta wakahamia kwenye masega waliyoshindwa kuyalinda. Kila asubuhi Baba akawa anafagia mizoga mlangoni mwa mzinga. Kuamuru kwa simu ni rahisi, Kaka. Ufagio hukuushika wewe.

Jumapili niliurudisha ubao mwenyewe, sikumwomba mtu ruhusa. Baba alinishikia bomba la kuwafukizia nyuki moshi. Tulipofunika mzinga, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye naweza kumwekea ubao. Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Ndipo akaniambia kwamba tangu Mama afariki, katika nyumba ya vyumba saba uliyomjengea, yeye hulala sebuleni kwenye kochi, taa zote zikiwaka. Kila mlango anaoupita una chumba kitupu, na anaogopa. Hakuthubutu kukwambia, eti utamwona hana shukrani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini ungeuliza basi!

Sasa nakwambia mimi: Baba yuko kwangu. Nimekigawa kwa pazia chumba cha kushonea, kitanda chake kiko nyuma ya cherehani. Ninapoandika amelala mchana huu, anakoroma hadi sindano zinatikisika kwenye kopo. Usipige simu kumwamuru arudi. Ukipiga, nitapokea mimi.

Msalimie sana Wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya babu yao. Mkija likizo, nyumba yako kubwa ina kufuli. Fikieni hapa hapa, tutabanana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na bado nimekasirika,

Fundi Cherehani