Unywele kwenye Mlango wa Mashine

Shemeji Gaspa,

Mimi nina miaka sabini na saba. Mafuriko ya Kilombero yamekuja na kuondoka, mimi nipo. Pantoni tulilokuwa tunavukia limestaafu, daraja limejengwa, mimi nipo. Waliosema ubishi utaniua kijana, nimewazika mimi. Sasa nimekuzika na wewe, mdogo wangu kwa umri, na hilo sikuliomba. Barua hii naandika mwenyewe. Mwanao Tekla alitaka kuniandikia nikamkatalia. Darasa la nne la zamani siyo mchezo.

Nina habari ya mashine yako, ile ya kupima dawa kwenye damu, isiyofanya kazi mpaka hewa yote ivutwe itoke tumboni mwake. Tangu tukulaze kule kijijini Mbingu, mwanao Tekla ndiye amekalia kiti chako pale maabara. Mimi bado fundi wa jenereta na pampu, na wa kunizidi Ifakara nzima hayupo, unajua.

Siku ya kuondoa matanga tulinyolewa wote. Tekla naye akakaa kwenye kigoda, wembe ukapita. Hakungoja hata kubadili gauni, akapanda bodaboda kurudi kazini, maana ilikuwa siku ya kuisafisha mashine. Akafungua, akasafisha, akafunga. Hewa ikagoma kutoka. Namba kwenye geji ikashuka kidogo, ikasimama, kama ng'ombe aliyekanyaga tope la mbugani.

Mkuu wa maabara hakufoka. Alisema tu kwamba msiba umemchanganya binti, ataitwa mtu kutoka Dar, na yeye arudi kuosha chupa. Tekla akaja chumba cha jenereta, akakaa juu ya dumu la oili. Shemeji, yule mtoto akinyamaza ni wewe kabisa.

Nikamwambia, mjomba wako yupo. Nikabadilisha oili ya pampu, nikaweka safi kama asali. Namba haikusogea. Nikasema basi tupake sabuni kwenye maungio, kama mpira wa baiskeli, tuone povu linatokea wapi. Akaniambia, "Mjomba, hilo baba alishakukataza."

Kweli. Nikakumbuka siku uliyonikuta na beseni langu la sabuni, ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. "Shemeji, tundu la baiskeli linatoa, la mashine linavuta. Utaona povu gani?" Mimi bado nasema povu lingesaidia. Lakini nilimwachia.

Akafanya ya kwako. Pamba yenye spiriti kidogo, anagusa ungio moja, anatazama namba, anahamia jingine. Penye tundu spiriti itavutwa ndani, namba itaruka. Bomba la pampu, kimya. Maungio ya nyuma, kimya. Alipogusa ukingo wa mlango, ikaruka.

Tukazima. Tukangoja mapanga yanayozunguka ndani yatulie, kama ulivyotufundisha, ndipo tukafungua. Juu ya oringi, lile duara la mpira linaloziba mlango, umelala unywele mmoja. Mfupi, mweusi, umekatwa na wembe. Ulikuwa umebaki kwenye kola ya gauni lake. Amenyoa kwa ajili yako, na unywele huohuo ukataka kumtoa kwenye kiti chako.

Ndipo alipolia. Msibani hakulia, alikuwa akigawa chai tu. Mimi sikubishana na machozi, na wewe unajua hiyo kwangu ni kazi ngumu. Nilishika tochi. Na ieleweke kwamba bila tochi kushikwa vile, asingeuona.

Akasafisha, akafunga. Asubuhi namba imeshuka mpaka pale ulipokuwa ukipenda, ikifika hapo unapiga mluzi. Mkuu akaja, akatazama, akampa Tekla mkono. Habari ya chupa haijasemwa tena. Na mimi nilijaribu kupiga ule mluzi wako. Haukutoka.

Basi pumzika, Shemeji. Nakuahidi pampu haitakosa oili nikiwa hai, na mwanao hafungui mlango ule tena bila kitambaa kichwani na koti safi. Nikifa mimi, nimeshamwambia, amalize kazi kwanza ndipo anyoe.

Wakibisha huko uliko, mashahidi ninao. Dada yangu, mkeo, aliyemmwagia binti maji ya kichwa siku ile ya kunyolewa. Mzee Lukasi wa Mbingu, aliyeshika wembe. Na Tekla mwenyewe, ambaye unywele ule hakuutupa. Ameukunja kwenye karatasi, umo ndani ya kitabu chake cha sala.

Ni mimi shemeji yako,
Benedikti