Koleo la Baba Mkwe Lilimponza Mrefu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana nina furaha ya kumtosha mtu mzima na aibu ya kiasi hicho hicho, na vyote viwili vimeletwa na koleo.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na ni fundi wa kufunga kamera za ulinzi katika karakana ya baba mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi baada ya kuniona kila mara nampa mwanawe bisibisi sahihi kabla hajaiomba, akasema huyu ana jicho, akaniweka kwenye meza yake, na tangu siku hiyo ananiita mwanangu nami namwita Baba, na kumtazama usoni nikamwambia amekosea ni jambo ambalo mdomo wangu haujui hata pa kuanzia. Sasa pale karakanani tuna mtindo wetu wa kufunga konekta, kile kichwa cha kuunganishia, kwenye kebo ya kamera, unachuna kebo, unaingiza konekta, unasukuma kile kipete cha chuma juu ya wavu wa nyaya, unakibana kwa koleo la Baba, ambalo sote tunalitumia, unakizungusha, unabana tena. Baba anasema kubana mara moja ni kazi ya wavivu, na mafundi wengine mjini wanatuita Bana Mbili, nasi tunajisikia kweli kweli.

Basi miezi mitatu iliyopita tulifunga kamera thelathini na mbili kwenye ghala la dawa, na hazikupita wiki mbili picha zikaanza kukatika, leo mlango wa nyuma hauonekani, kesho rafu za chanjo ni chenga tupu. Meneja wa ghala akaja karakanani kufoka mbele ya watu, na Baba kwa hasira akamgeukia fundi mwenzetu tunayemwita Mrefu, akamwambia, "Wewe ndiye unayebana mara moja ukakimbilia chai! Ondoka, nisikuone hapa." Mrefu akasema, "Mzee, nabana mara mbili kama ulivyonifundisha." Akaambiwa afunge mdomo. Miaka tisa karakanani, mshauri! Akachukua begi lake la zana akatoka, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, kebo mkononi, nikanyamaza.

Nikatumwa ghalani kurekebisha. Nikavuta konekta ya kwanza kwa vidole viwili, ikavuka kama kofia. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano ilikuwa na utepe mwekundu chini yake, na utepe mwekundu katika karakana yetu anaufunga mtu mmoja tu, naye ni Baba mwenyewe, na hiyo nayo ikatoka. Nikavuta nilizofunga mimi, zikatoka pia. Nikakaa juu ya ngazi. Kisha nikakumbuka kile kikaratasi kinachokuja ndani ya pakiti ya konekta, ambacho sisi hukitupa bila kukisoma, nikakitoa, kikaniambia kipete hiki kinabanwa kwa koleo lenye tundu la milimita sita nukta nne nane. Nikapima tundu la koleo la Baba kwa vernia, kile kipimo cha mafundi cha sehemu za milimita, nikapata sita nukta nane. Tofauti haifiki hata unene wa kucha! Kumbe tunabana mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haijawahi kushika, na ya pili inatudanganya tu kwamba imeshika.

Nikaazima koleo lenye tundu sahihi kwa fundi wa redio, nikaingia ghalani Jumamosi na Jumapili lilipokuwa limefungwa, nikakata konekta zote sitini na nne nikafunga upya, kila moja mbano mmoja tu, kaa!, nikazivuta moja baada ya nyingine mpaka viganja vikawaka moto, haikusogea hata moja. Nikawasha skrini. Picha thelathini na mbili, safi, unasoma mpaka maandishi ya kwenye maboksi. Mshauri, nilicheza peke yangu mbele ya zile rafu na kamera ya kumi na nne ikanirekodi, mlinzi anayo hadi leo.

Aibu inaanzia hapa. Wiki ya tano hii hakuna chenga, meneja ametupa maghala yake mengine mawili, na Baba anamwambia kila anayeingia, "Mnaona? Tangu Mrefu aondoke kazi imenyooka." Anadhani nilitumia koleo lake, nami sikumwambia. Sasa Mrefu ameomba kazi kwenye kampuni nyingine, wamempigia Baba kuuliza habari zake, naye ameahidi kuwajibu Ijumaa. Mume wangu anasema nimwache mzee na heshima yake. Nifanye nini?

Mkwe Mwenye Vernia

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe, kwanza pokea hongera zangu, maana nimesoma ile Jumapili yako nikasimama kutoka kwenye kiti. Mimi sijawahi kubana kitu ila mkanda wa suruali, kwa hiyo nilimuuliza fundi wa mitambo wa hapa gazetini, akacheka akasema uko sahihi asilimia mia. Tundu hufuata kipete, kipete hufuata kebo. Tundu likizidi, kipete kinakaa bila kushika. Likipungua, linaponda kebo na picha inaharibika vile vile. Anayebana mara mbili hajaongeza uimara wowote.

Baada ya hongera, sasa nikuseme. Umeitengeneza kamera ukamharibu mtu. Kila siku picha inapotoka safi na wewe umekaa kimya, Mrefu anazidi kuonekana ndiye aliyekuwa mkosaji, na huyo baba mkwe unayemheshimu unamvisha kilemba cha ukoka huku unajua. Hiyo unaiita heshima? Hayo maghala mawili atayafunga kwa koleo gani? Yatakatika, na safari hii hatakuwepo Mrefu wa kufukuza. Huenda ukafuata wewe.

Mume wako mwambie nimemsikia, anyamaze.

Usingoje Ijumaa. Mfuate mzee kesho asubuhi kabla wateja hawajafika, mkiwa wawili tu. Usianze na neno kosa. Weka mezani kebo mbili, funga konekta moja kwa koleo lake, mara mbili kama alivyokufundisha, nyingine kwa lile la kuazima, mara moja. Mpe avute mwenyewe. Usimvutie wewe, na usitabasamu! Akimaliza kuvuta, mwekee kikaratasi na vernia, kisha mtaje Mrefu kwa sauti anayoisikia. Akifoka, acha afoke, ila usitoke karakanani mpaka amekwambia Ijumaa atajibu nini. Piga moyo konde. Mtu aliyekufundisha kazi kwa mikono yake anaweza kufundishwa kwa mikono hiyo hiyo.

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimtumia kwa simu siku ile ile, kwa sababu Ijumaa ilikuwa karibu na gazeti lilikuwa mbali. Ijumaa mchana akaniandikia haya, nayachapa kama yalivyo:

"Mshauri, Baba alivuta ya kwanza ikachomoka ikabaki mkononi mwake. Akavuta ya pili mpaka mishipa ya shingo ikasimama, haikusogea. Akasoma kikaratasi mara tatu, miwani juu, miwani chini. Nikasema, 'Baba, Mrefu hakuwa na kosa.' Akavua miwani akaiweka mezani. Kisha akasema, 'Mwanangu, mbona umechelewa hivi kuniambia?' nikalia. Leo ameipigia ile kampuni, akawaambia huyo ni fundi hodari, alifukuzwa kwa kosa la mzee mwenyewe, na kama wanamtaka wafanye haraka maana yeye anaenda kumchukua. Akamwita meneja wa ghala karakanani, akamtuma mume wangu amlete Mrefu, kisha akaniambia nisimame pembeni yake. Mbele yetu sote akasema, 'Nilikuaibisha mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Konekta zilizofunguka zilikuwa zako, za huyu binti yangu na zangu, na koleo lilikuwa langu. Kazi iliyonyooka pale ghalani ni yake huyu.' Meneja akapiga makofi, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu kwa furaha. Mrefu akaweka begi lake la zana mezani, akauliza, 'Hayo maghala mawili tunaanza lini?'"