Unyayo Ulipokaza Mateteni

Nyamisati, Mfungo Nane. Huu mwezi wa tatu tangu niondoke Mohoro.

Mjukuu wangu Zuhura, mimi mzima, ila kukata mikoko kumenichosha. Nimefurahi kusikia mama yako kajifungua salama.

Umeuliza misuli ya unyayo ikikaza ufanyeje. Wakati wa Maji Maji tulijificha mateteni, maji kiunoni, askari wakipita karibu. Unyayo wangu ukakaza, nikataka kupiga yowe. Msichana nisiyemjua akaniziba mdomo, akanong'ona, "Ukilia nakuzamisha!" Akauinua mguu wangu, akanyoosha goti, akavuta vidole kuelekea kwangu, polepole, mpaka ukalegea. Askari wakapita.

Fanya vivyo hivyo, kisha kanda. Ikikushinda, mwite bibi yako. Ndiye msichana yule.

Mwambie mpunga ukiiva nitarudi. Huku unyayo ukikaza, najivuta vidole mwenyewe.