Madaftari ya Jeni, Mwandiko Wangu

Baba,

Nilitaka kuanza na "mpendwa" kama wafanyavyo watu, lakini neno lilikataa kutoka, nami sitaki kukudanganya ukiwa kaburini. Umelala pale Dundori mwaka wa pili sasa, na bado nikisikia harufu ya keki kichefuchefu kinanipanda. Leo nitakwambia kwa nini, maana ulipokuwa hai uliniziba mdomo kwa neno moja tu: "Nyamaza."

Unakikumbuka kile kifurushi? Kila baada ya wiki mbili kilitoka Nairobi kwa treni, kisha kikapanda na lori la maziwa kutoka Nakuru hadi kwa memsahib wako, yule mama wa kizungu uliyempikia. Ndani mlikuwa na masomo ya Jeni, binti yake. Watoto wengine wa wazungu walikuwa bodingi, lakini Jeni alikuwa na pumu, kwa hiyo shule ilimfuata nyumbani kwa posta, yeye amekaa barazani anakula biskuti. Mimi niliitwa kumchongea penseli, asichoke kukaa peke yake. Ulifurahi kupita kiasi! Ulinipaka mafuta miguu ikang'aa, ukaniambia, "Kaa vizuri, usijikune."

Nilikaa vizuri, Baba. Nilikaa miaka minne. Mwaka wa kwanza nilichonga penseli, wa pili nikawa namnong'onezea majibu, na kuanzia wa tatu ni mimi niliyekuwa naandika kila kitu, hesabu na insha za Kiingereza, huku memsahib amelala na gazeti usoni na Jeni anamvisha paka kofia. Mwalimu wa Nairobi, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona, alirudisha madaftari yana wino mwekundu: vizuri sana, Jeni. Memsahib aliwasomea wageni maneno hayo mezani, nawe umesimama nyuma yao na birika la chai, unatabasamu. Ulijua ni mkono wa nani. Nilikuonyesha mwenyewe jikoni, ukacheka, ukanifinya shavu.

Kwa madaftari hayo Jeni alipata nafasi katika shule ya wasichana huko Uingereza. Nami nilikuwa na nafasi yangu, ile unayoijua. Mwalimu wa misheni mjini Nakuru alisema msichana wa miaka kumi na mitatu hawezi kuketi na watoto wa darasa la kwanza. Lakini kama nina kazi yoyote niliyoiandika, nimletee Jumatatu. Ataangalia mwandiko, atanipa mtihani palepale, na nikiweza ataniweka darasa la tano. Nikija mikono mitupu nirudi shambani. Nilikupigia magoti uniombee madaftari mawili tu. Yalikuwa yamejaa sanduku zima kule stoo. Ukasema, "Nitaongea na memsahib."

Jumamosi, siku ya kumuaga Jeni, niliingia jikoni kukusaidia vyombo. Keki ilikuwa ndani ya jiko. Sanduku lilikuwa miguuni pako, tupu, na mkononi umeshika daftari la mwisho, unalichana kurasa mbili mbili na kuzisukuma motoni. Niliiona insha yangu ya nyuki ikijikunja. Ukaniangalia, ukasema, "Kuni zilikuwa mbichi."

Kuni mbichi! Mpishi wa miaka ishirini, kuni zimepangwa kavu mpaka zinagusa dari! Ungeniambia ukweli ningekuelewa. Zilikuwa siku za Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, Wakikuyu wanapakiwa kwenye malori kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, na mpishi ambaye mtoto wake ndiye aliyemfanyia mtoto wa mzungu masomo asingemaliza wiki pale. Kuogopa, wote tuliogopa. Lakini hukuambiwa uyachome, Baba. Memsahib aliniambia mwenyewe baadaye: alisema tu utoe sanduku stoo. Ulimtangulia. Hakukuomba, ukampa. Kinyaa changu kiko hapo hasa.

Halafu ukanikatia kipande cha keki. Nikakila. Najichukia kwa hilo hata leo, maana kilikuwa kitamu.

Jumatatu nilivaa aproni, na nimepiga pasi katika nyumba ile miaka yote hii. Jeni hakumaliza hata mwaka wa pili kule Uingereza. Memsahib huwaambia wageni kwamba ukungu wa kule ulimharibu kichwa. Nikisikia hivyo hutoka nje nikatema mate.

Sasa sikiliza. Wiki jana kifurushi kimekuja tena, cha mdogo wake Jeni, yule wa kiume, naye ana pumu kama dadake. Memsahib akaniita barazani, na ule upole wake unaoujua. "Wewe iko na dada kidogo nyumbani," akasema. "Lete yeye, kaa na toto yangu." Alimtaka Wangari wetu, Baba, kitinda mimba wako. Ana miaka minane na tayari anahesabu mpaka elfu.

Nikasema hapana. Nikasema Wangari anaanza darasa la kwanza misheni Jumatatu, akae kwenye dawati lake, aandike jina lake. Memsahib akawa mwekundu mpaka shingoni. Kisha akasema, "Baba yako hapana jibu mimi namna hii. Hata siku moja."

"Najua, memsahib," nikamwambia.

Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi tuhame shambani kwake. Mama anafunga mizigo na hataki kunisemesha. Anasema nimewaua njaa kwa mdomo wangu. Labda ni kweli. Wangari yeye hajui lolote la haya. Ameniuliza mara mbili leo ninamwandikia nani, nikamwambia atulie.

Lala, Baba. Sijakusamehe. Barua hii siiweki kaburini kwako, kwa kuwa hata ungekuwa hai usingeweza kuisoma. Namtunzia Wangari.

Mimi binti yako mkubwa,
Njeri