Meno ya Paka Wetu

Isaka, Jumanne, Juni 1974

Na mimi nilikuwa nimeshaamini anaumwa! Siku tatu nampangusa fizi zile nyekundu kwa kitambaa cha maji ya chumvi, mikono yangu imejaa mikwaruzo, na mume wangu wimbo ni ule ule: "Mama Neema, paka asiye na meno wa nini? Panya watatumalizia mahindi."

Leo nimeokota jino mkekani, dogo kuliko punje ya mchele. Nikampanua mdomo: jipya limeshachomoza! Kumbe anang'oka meno ya utoto tu, kama Neema wetu.

Neema akalirusha juu ya bati, kama arushavyo ya kwake. "Panya, chukua jino bovu, mletee paka wetu zuri!"

Maskini panya. Akilileta, yeye ndiye wa kwanza kung'atwa nalo.